Ardhi iliyokuwa ranchi: jinsi ya kupima udongo na maji ya chini kabla hujajenga, kulima au kunywa

Watu wengi wakipata eneo lililokuwa ranchi ya ng'ombe wanaona nyasi, miti, hewa safi, basi wanajiambia hapa hapajawahi kuwa na kiwanda kwa hiyo udongo uko safi tu. Jamani si hivyo. Ranchi ilikuwa sehemu ya kazi, kuna dawa za kupe zimemwagwa pale miaka na miaka, kuna dizeli, kuna mizoga imezikwa, kuna nguzo za uzio zilizolowekwa dawa, kuna shimo la takataka lenye betri za trekta, alafu kuna samadi ya mamia ya ng'ombe iliyorundikana sehemu moja msimu baada ya msimu. Ila hiyo sumu haijasambaa shamba zima sawasawa, inakaa vipande vichache vidogo, pengine kipande cha ukubwa wa chumba kimoja ndani ya maelfu ya ekari. Kwa hiyo kazi kubwa siyo maabara, kazi kubwa ni kujua uchimbe wapi, manake ukichukua udongo mahali pasipo husika maabara itakupa majibu masafi kabisa na sumu itabaki pale pale unapotaka kuweka bustani.

Na niseme mapema sababu naona watu wanachanganya sana: kile kipimo cha udongo cha wakulima, kinachokwambia pH (uchachu wa udongo), naitrojeni, fosforasi na potasiamu ili ujue uweke mbolea gani, siyo kipimo cha sumu. Hakitafuti aseniki wala DDT, sumu zilizokuwa kwenye dawa za zamani za kupe, hakitafuti dizeli. Unaweza kuwa nacho kinasema udongo wako una rutuba safi na bado mtoto akicheza pale anameza sumu.

Anza kwa kuuliza, sepetu baadaye

Tafuta waliofanya kazi pale. Wachungaji wa zamani, dereva wa trekta, fundi wa pampu, mtu wa mifugo aliyekuwa anakuja kuchanja, majirani wazee. Usiwaulize "kulikuwa na sumu?" watakwambia hapana, na hawakudanganyi, wao waliita dawa. Uliza josho (birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe) lilikuwa wapi, na kabla ya hilo kulikuwa na lingine? Dawa ilikuwa ya unga au ya maji, ilikuwa ya rangi gani, madebe matupu mlikuwa mnayatupa wapi? Tope la chini ya josho likijaa mlikuwa mnalipeleka wapi? Mafuta yaliwekwa kwenye tanki la juu au lililofukiwa? Ng'ombe wakifa wengi kwa mpigo walizikwa upande gani? Swali hili la mwisho usiliruke, nitalirudia.

Baada ya hapo tafuta picha za angani za zamani, ofisi za ramani na upimaji mara nyingi wanazo za miongo mingi nyuma, na za setilaiti zinapatikana bure mtandaoni. Kwenye hizo picha angalia njia za ng'ombe. Ng'ombe wakipita kila siku wanachora mistari ardhini, na ile mistari yote ikikutana sehemu moja jua hapo palikuwa na zizi, maji au josho, hata kama leo huoni kitu ila vichaka. Hii ni moja ya njia nzuri sana za kupata josho lililofukiwa na likasahaulika.

Kisha tembea kwa miguu, polepole, na simu yenye GPS. Unatafuta zege lililochungulia, sehemu nyasi hazioti au zinaota za njano, ardhi iliyodidimia mstatili, bomba linalotoka ardhini bila sababu (mara nyingi ni pumzi ya tanki la mafuta), vyuma, majivu, vipande vya mabati ya asbestosi, udongo mweusi wenye harufu ya mafuta. Kila ukikuta kitu piga picha, chukua pointi, andika. Ukimaliza unachora ramani yako ya mkono, inatosha, isiwe ya kupendeza, iwe ya kweli: josho hapa, zizi hapa, tanki hapa, kisima hapa, mteremko unaelekea huku.

Josho ndo la kuogopa zaidi

Ukiwa na hela ya kupima sehemu moja tu basi pima josho. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20 dawa kuu ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ilikuwa aseniki iliyoyeyushwa kwenye maji. Kupe walipoanza kuizoea zikaja DDT, lindeini, toksafeni, baadaye zikaja dawa za jamii ya fosforasi na nyinginezo. Sasa aseniki ni elementi, haiozi, haivunjiki, haina muda wa kuisha, iliyomwagwa enzi za babu bado ipo. DDT inavunjika lakini taratibu sana, na inapovunjika inakuwa DDE na DDD ambazo nazo ni tatizo. Ndo maana mkataba wa Stockholm wa 2001 uliweka DDT, toksafeni na dieldrini (nayo dawa ya wadudu) kwenye orodha yake ya kwanza ya kemikali za kudhibitiwa, lindeini ikaongezwa 2009. Florida huko Marekani na New South Wales huko Australia wana majosho ya zamani zaidi ya elfu moja kila mmoja, na huko yanahesabiwa kuwa maeneo yanayoweza kuwa na sumu.

Watu wakisikia josho wanakimbilia kupima ndani ya lile birika la zege lenyewe. Sawa, pima, lakini sumu nyingi mara nyingi iko nje. Fikiria ng'ombe anavyopita: anaruka kwenye dawa, anatoka amelowa chapachapa, anasimamishwa kwenye zizi dogo la kuchuruzikia, dawa inamdondoka pale. Kila ng'ombe, kila wiki, miaka yote. Sakafu ya hilo zizi ingekuwa ya zege ikirudisha dawa kwenye birika ingekuwa afadhali, lakini zege linapasuka, na wengine hawakuliweka kabisa. Alafu kuna tope. Birika likijaa kinyesi na udongo linakombwa kwa ndoo, na lile tope lenye dawa yote iliyonata linamwagwa pembeni, mita chache tu, likaachwa likauke. Kile kichuguu cha pembeni, ambacho leo ni kama tuta lenye nyasi, ndipo mara nyingi unapata namba kubwa kuliko sehemu zote. Udongo wa kawaida usio na uchafu mara nyingi una aseniki chini ya miligramu 10 kwa kilo, kando ya majosho ya zamani zimewahi kukutwa mamia hadi maelfu.

Kwa hiyo pale panga pointi hivi: kwenye mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, zizi la kuchuruzikia pointi kadhaa, juu ya tuta la tope, mahali dawa ilipokuwa inachanganywa (tafuta kibanda au tanki la maji karibu), alafu shuka na mteremko uweke pointi kila mita tano hivi mpaka uone umetoka nje ya eneo. Kila pointi chukua kina tofauti, sentimita 0 hadi 15, kisha 30, kisha 60, kisha mita 1, kila kina kwenye chupa yake. Ya juu inakwambia hatari kwa mtoto na mifugo, za chini zinakwambia kama sumu inashuka kuelekea maji.

Sehemu nyingine fupi fupi. Tanki la mafuta: omba maabara wapime jumla ya haidrokaboni za petroli pamoja na benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, na risasi (ile metali, ledi) kama tanki ni la enzi za petroli yenye risasi. Nguzo za uzio na mbao za zizi: aseniki, kromiamu na shaba kama zina rangi ya kijani kijani, na kama ni nyeusi zinanuka lami basi haidrokaboni za lami. Shimo la takataka: metali zote. Zizi na mabwawa ya samadi: kwenye udongo si tatizo kubwa, tatizo lake ni naitreti (naitrojeni ya samadi iliyoyeyuka majini) na vijidudu kwenye maji, tutafika.

Kabla hujachimba, usalama

Kimeta. Kama umeambiwa ng'ombe waliwahi kufa ghafla wengi, au damu iliwatoka puani, usichimbe makaburi yao kabisa, achana napo. Vijidudu vya kimeta vinatengeneza mbegu zinazokaa kwenye udongo miongo na miongo zikiwa hai, na kufukua mzoga wa zamani ndo njia ya kuziamsha. Weka uzio, taarifu ofisi ya mifugo, waache wao waamue. Sumu nyingine yoyote kwenye hii makala inaweza kungoja, hii hapana.

Usiingie kwenye tanki lililofukiwa, kisima kikavu au shimo la samadi, hata kwa dakika moja, hata umefungwa kamba. Hewa ya chini haina oksijeni au ina gesi inayozimisha mtu papo hapo, na mwenzio akiingia kukuokoa mnakuwa wawili. Mapipa yasiyo na lebo usiyafungue wala kuyaviringisha. Vaa glavu, buti, barakoa kama udongo ni mkavu wa vumbi, usile wala kuvuta sigara hapo, na nguo zifuliwe peke yake.

Kuchukua udongo

Vifaa si vingi: chuma cha kutobolea udongo cha kuzungusha kwa mkono, mwiko wa chuma kisicho na kutu, ndoo mbili, sabuni isiyo na fosfeti, maji safi ya maabara ya kusuuzia, kuli boksi lenye barafu, kalamu isiyofutika, na chupa ambazo maabara yenyewe imekupa. Hilo la mwisho ni muhimu, usitumie chupa za nyumbani. Ongea na maabara kabla, waambie unatafuta nini, watakupa chupa za kila kitu zikiwa na dawa yake ya kuhifadhia tayari.

Kati ya pointi na pointi, na hata kati ya kina na kina, osha chuma chako: brashi na sabuni, suuza, suuza tena kwa maji safi, badili glavu. Inachosha, ndiyo, ila usipofanya hivyo unabeba aseniki ya tuta la tope unaipeleka kwenye pointi ya chini na maabara itakwambia sumu imeshuka mita moja kumbe ni wewe umeishusha. Vilevile anza na sehemu unayodhani safi umalizie na chafu, usianze kinyume.

Kuhusu kuchanganya. Kwenye malisho makubwa ambayo huna sababu ya kuyashuku unaweza kuchukua pointi tano au kumi ukachanganya kwenye ndoo ukapeleka chupa moja, inaokoa hela. Lakini elewa kinachotokea: pointi nne zikiwa na 5 na moja ikiwa na 100, mchanganyiko unasoma 24, na ile 100 imejificha humo. Kwa hiyo kwenye josho, tanki na shimo usichanganye. Na udongo wa mafuta usichanganywe kamwe kwa sababu benzini inapaa hewani ukiwa unakoroga, chukua haraka, jaza chupa ya glasi mpaka juu, funga, weka kwenye barafu.

Chukua pia sampuli za kulinganishia, tatu mpaka tano hivi, kutoka sehemu ya juu ya mteremko ambako hakuna kilichowahi kufanyika, udongo wa aina ile ile. Kuna ardhi ina aseniki au kromiamu ya asili kutoka kwenye miamba yake, bila hizi utalaumu josho kwa kitu ambacho mwamba umekileta, au kinyume chake.

Maji ya chini

Hapa ndo wengi wanaharibu. Wanafika kisimani, wanachota ndoo ya kwanza, wanajaza chupa. Yale maji yamelala ndani ya bomba wiki nzima, yamegusana na chuma na hewa, hayawakilishi maji yaliyoko kwenye mwamba. Inabidi uyatoe kwanza. Pima kina cha maji kutoka juu, toa kwenye kina chote cha kisima, unapata urefu wa nguzo ya maji, alafu zidisha na eneo la bomba. Mfano bomba la kipenyo cha sentimita 15 lenye maji ya urefu wa mita 20 linabeba kama lita 353. Kanuni iliyozoeleka ni kutoa mara tatu ya hiyo, yaani kama lita 1,060, na kuendelea mpaka joto, pH na upitishaji umeme wa maji vinatulia havibadiliki tena. Kipimo cha mkono cha pH na upitishaji umeme ni rahisi kutumia na kinakusaidia sana hapa. Kama ni kisima cha nyumbani chenye pampu, acha maji yatoke mpaka vipimo vitulie, na uchukue kwenye bomba lililo kabla ya tanki na kabla ya chujio.

Isipokuwa kitu kimoja: ukishuku mafuta, kabla hujapampu teremsha kichoteo chenye ukuta wa kuonyesha ndani uchote ya juu kabisa. Petroli na dizeli zinaelea, ukipampu kwanza unaweza kupoteza ule utando usijue ulikuwepo.

Kila kipimo kina chupa yake na saa yake. Vijidudu ni chupa iliyotakaswa, usiguse ndani ya mfuniko, bomba lisafishwe kwa klorini au moto kwanza, ifike maabara ndani ya saa 24 na ikiwezekana mapema zaidi. Naitreti bila dawa ikae baridi ipimwe ndani ya saa 48. Metali kwenye chupa ya plastiki yenye asidi ya nitriki, hizo zinavumilia miezi. Mafuta mepesi kama benzini ni vichupa vya glasi vya mililita 40 vijazwe mpaka pasiwe na kapovu hata kamoja ka hewa, geuza kichupa gongagonga uangalie, ukiona kapovu tupa anza upya. Viuatilifu (dawa za kuua wadudu kama DDT) ni chupa ya glasi ya rangi nyeusi au kahawia, na usiicheleweshe.

Maji yakiwa na tope yanadanganya, chembe za udongo zinayeyuka kwenye ile asidi na kutoa risasi na aseniki ambazo hazikuwa zimeyeyuka kwenye maji. Kama unataka kujua unachokunywa, peleka yasiyochujwa. Kama unataka kujua sumu inasafiri vipi chini ya ardhi, peleka na nyingine iliyochujwa kwa chujio la mikromita 0.45, kisha linganisha.

Kisima kimoja kinakwambia maji ya pale tu. Kujua maji yanaelekea wapi unahitaji angalau vitatu vilivyokaa kama pembetatu, upime usawa wa maji katika kila kimoja, yanatoka palipo juu kwenda palipo chini. Mara nyingi yanafuata mteremko wa ardhi lakini siyo kila mara, na pampu kubwa ya jirani inaweza kuyavuta upande mwingine. Kuchimba hivi visima ni kazi ya mtaalamu, na msisitize asichimbe katikati ya josho au ya tanki, shimo likipita kwenye sumu linageuka mfereji wa kuishusha. Chimba pembeni upande wa chini, na juu ya kichujio cha bomba pazibwe kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa.

Kwa kawaida naitreti ndo inayofika majini haraka kuliko vyote, inateleza na mvua. Aseniki inatembea polepole ila kwenye maji yasiyo na oksijeni inaachia na kusafiri. DDT inang'ang'ania udongo, ukiikuta kisimani angalia kwanza kama maji yalikuwa na tope.

Maabara na kusoma majibu

Tafuta maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara), na uulize ithibati hiyo inahusu vipimo unavyotaka, siyo jina la maabara tu. Toksafeni itaje kwa jina sababu ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali na haitoki yenyewe kwenye kila kipimo cha viuatilifu. Jaza fomu ya makabidhiano, nani alichukua, saa ngapi, nani alipokea, siku moja utaihitaji mbele ya muuzaji au mwanasheria. Na kila sampuli kumi weka moja ya marudio, namba tofauti, maabara wasijue. Majibu mawili yakipishana sana una swali la kuwauliza.

Kabla ya kulipa uliza kiwango cha chini wanachoweza kuona. Shirika la Afya Duniani linasema aseniki kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita, sasa maabara ikikuandikia "<0.05", yaani chini ya 0.05, haijakwambia chochote. Risasi nayo ni 0.01, na vijidudu vya E. koli (dalili ya kinyesi majini) visiwepo hata kimoja kwenye mililita 100.

Naitreti ina mtego wake. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa kama naitreti, lakini ni kama 11 ikihesabiwa kama naitrojeni. Karatasi ikikuandikia 12, kama ni naitreti uko salama kabisa, kama ni naitrojeni ni sawa na 53 na umeshavuka, na mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Piga simu uulize. Na kuchemsha hakusaidii, si naitreti si aseniki, maji yanapungua sumu inabaki, yaani unaiongeza nguvu.

Udongo linganisha na viwango vya matumizi unayoyataka, nyumba yenye watoto ina kikomo kikali kuliko malisho, na malisho kuliko ghala. Ukivuka, usihamishe udongo, usiusawazishe kwa greda, weka uzio, zuia mifugo, acha kunywa maji ya kisima kilicho chini ya mteremko, taarifu mamlaka ya mazingira, kisha rudi na awamu ya pili ya sampuli kuzunguka ile pointi chafu mpaka upate mpaka wake pande zote na chini. Maji yapime tena angalau mara mbili, mwisho wa kiangazi na baada ya mvua kubwa, sababu usawa wa maji ukipanda unagusa udongo ambao wakati wa kiangazi ulikuwa juu yake. Na kisima cha upimaji usichokihitaji tena kizibwe kwa saruji na bentonaiti kuanzia chini hadi juu, kisiachwe wazi na kofia ya plastiki.